Bud Spencer hakuwa Mmarekani, na sauti ile haikuwa yake

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani umewataja Bud Spencer na Terence Hill kuwa ndugu wawili wa Kimarekani waliotamba na sinema za kauboi. Hawakuwa ndugu. Walizaliwa Italia. Na ile sinema ya kauboi iliyowapa jina duniani ilipigwa kwenye vilima vya Italia, siyo Texas. Makosa hayo yanasahihishika kwa mistari mitatu, na kama yangekuwa hayo tu nisingewachosha kwa barua ndefu. Ninachotaka kusema ni kwamba maisha ya waburudishaji wa Kiitalia yana upande mmoja ambao magazeti yetu huuruka kila mara, nao ndio unaotuhusu zaidi sisi wa Uganda: upande wa sauti. Kampala, Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, kote kuna watu wanaokula kwa kuingiza sauti zao kwenye filamu za wengine. Tunawaita ma-VJ. Italia imeifanya kazi hiyo kuwa fani yenye mkataba, malipo na jina, na huwezi kuyaeleza maisha ya mastaa wake bila kuwaeleza watu waliowasemea.

Kwanza yule mwenye ndevu, Bud Spencer. Jina lake la kuzaliwa ni Carlo Pedersoli, mtu wa Napoli, aliyezaliwa tarehe 31 Oktoba 1929. Kabla hajampiga mtu ngumi mbele ya kamera alikuwa muogeleaji. Septemba 1950 aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 59.5, akawa Mwitalia wa kwanza kushuka chini ya dakika moja. Alikwenda Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 na ya Melbourne mwaka 1956, na mwaka 1954 alitwaa ubingwa wa Italia wa polo ya majini akiwa na klabu ya Lazio. Katikati ya hayo aliishi Amerika Kusini, maana familia yake ilihamia Brazil baada ya vita, naye akafanya kazi kwenye ubalozi mdogo wa Italia mjini Recife. Mwaka 1960 alimwoa Maria Amato, binti wa mtayarishaji wa filamu Giuseppe Amato. Hata hivyo sinema kwake ilibaki kibarua cha hapa na pale mpaka mwaka 1967, mwongozaji Giuseppe Colizzi alipohitaji mtu mkubwa wa mwili, mwenye nguvu, wa kushika nafasi kuu. Pedersoli alikuwa anakaribia miaka 38. Wasomaji wenu vijana wanaodhani usanii ukikupita ukiwa na miaka 25 basi umekwisha, waambieni habari hiyo.

Mwenzake, Terence Hill, ni Mario Girotti, aliyezaliwa Venezia tarehe 29 Machi 1939. Mama yake alikuwa Mjerumani, na miaka ya vita mtoto aliipitisha Lommatzsch, karibu na Dresden. Huyu hakuingia sinema ukubwani. Mwongozaji Dino Risi alimwona kwenye mashindano ya kuogelea akiwa na miaka 12, na filamu yake ya kwanza ikatoka mwaka 1951. Mwaka 1963 alicheza kwa jina lake halisi katika Il Gattopardo ya Luchino Visconti, pamoja na Burt Lancaster, Alain Delon na Claudia Cardinale. Kwa hiyo wote wawili walitokea bwawani, mmoja akiwa mwanamichezo aliyekomaa na mwingine akiwa mtoto aliyebahatika kuonwa.

Walikutanaje? Walikuwa wamewahi kuwamo katika filamu moja mwaka 1959, Annibale, lakini hawakuwa na onyesho hata moja la pamoja. Katika ile filamu ya Colizzi ya mwaka 1967, Dio perdona... Io no!, stelingi aliyechaguliwa alikuwa Peter Martell. Akavunjika mguu kazi ikiwa inaanza, ndipo Girotti akaitwa haraka. Jozi iliyotazamwa kuanzia Budapest hadi Kisenyi ya Kampala ilipatikana kwa mguu wa mtu mwingine kuvunjika.

Majina yalibadilishwa kwa sababu ya biashara, siyo kwa kuona haya Uitalia wao. Miaka ile watazamaji, hata wa Italia kwenyewe, hawakuamini kwamba Mwitalia anaweza kutengeneza sinema ya kauboi, na wauzaji wa nje walitaka majina ya Kiingereza kwenye bango. Sergio Leone mwenyewe mwaka 1964 alijiandika Bob Robertson, na mtunzi wa muziki Ennio Morricone akajiita Dan Savio. Girotti alichagua "Terence Hill" kutoka orodha aliyopewa. Pedersoli alijitungia: "Bud" aliitoa kwenye bia ya Budweiser, "Spencer" kwa mwigizaji aliyempenda, Spencer Tracy. Basi mkiandika majina hayo, mlitaje na lile la kuzaliwa angalau mara moja, la sivyo msomaji ataendelea kuwatafutia asili yao Marekani.

Umaarufu mkubwa ulikuja mwaka 1970 na Lo chiamavano Trinità, iliyoongozwa na Enzo Barboni, mtu aliyekuwa mpiga picha kwa miaka mingi kabla ya kukaa kiti cha mwongozaji. Ilipigwa mkoani Lazio na kwenye milima ya Abruzzo. Barboni alifanya jambo lililoonekana dogo: mahali ambapo sinema za wakati ule zilimwaga risasi na damu, yeye aliweka makofi na vichekesho. Baba akaweza kwenda na watoto wake. Kwa jumla wawili hao walicheza filamu 16 wakiwa jozi, ya kwanza 1967 na ya mwisho 1994, hiyo ya mwisho ikiongozwa na Terence Hill mwenyewe. Bud Spencer alikuwa pia rubani mwenye leseni, na mwaka 1981 alianzisha shirika la ndege la Mistral Air. Alifariki Roma tarehe 27 Juni 2016. Hill alianza maisha ya pili kwenye televisheni: kuanzia Januari 2000 hadi 2022 alikuwa padri mpanda baiskeli anayefumbua makosa ya jinai katika tamthilia ya Don Matteo, kwanza mjini Gubbio, baadaye Spoleto. Mwaka 2010 wote wawili walipewa tuzo ya David di Donatello kwa kazi ya maisha yao.

Sasa sauti.

Katika Italia ya miaka ile, sauti iliyorekodiwa wakati wa kupiga picha ilikuwa ya kuongoza tu. Waigizaji walitoka nchi mbalimbali na kila mmoja aliweza kusema lugha yake, kisha maneno yote yaliingizwa upya studio. Lafudhi ya Napoli ya Pedersoli haikuwafaa watayarishaji, kwa hiyo sauti nzito ambayo Waitalia wameizoea ni ya Glauco Onorato, mzaliwa wa Torino. Terence Hill alisemewa na Pino Locchi, aliyemzidi umri kwa miaka 14. Locchi huyo huyo ndiye aliyemsemea Sean Connery katika filamu za James Bond. Mtazamaji wa Roma aliyekaa mbele ya Trinità alikuwa anasikia sauti ya 007 ikitoka kwenye mdomo wa kauboi mvivu anayemaliza sufuria ya maharage. Nakala za Kiingereza zilizofika kwenye vibanda vyetu vya video nazo mara nyingi zilikuwa na sauti za watu wengine tena. Kwa hiyo VJ wa Kampala aliyeongeza Kiganda au Kiswahili juu yake hakuharibu kitu kilichokuwa "halisi". Alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya wasemeaji.

Si wawili hao tu. Claudia Cardinale alizaliwa Afrika, Tunisia, mwaka 1938, katika familia yenye asili ya Sicilia, na alikua akisema Kifaransa. Alifika Italia baada ya kushinda shindano la urembo mwaka 1957, na kwa miaka kadhaa watayarishaji walimwekea sauti za wanawake wengine, kwa sababu Kiitalia chake hakikuwa imara na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Federico Fellini ndiye aliyemwacha aseme mwenyewe, katika 8½ ya mwaka 1963. Ule mkwaruzo uliokuwa kasoro ukageuka alama yake.

Na kuna Totò, mchekeshaji mkubwa wa Napoli, jina lake halisi Antonio de Curtis, aliyezaliwa mtaa wa Sanità mwaka 1898. Mwaka 1957 alipoteza macho akiwa jukwaani Palermo. Aliendelea kuigiza miaka kumi zaidi huku akiona vivuli tu. Mbele ya kamera aliweza, kwa sababu alikwishajua jukwaa kwa hatua na kwa kusikia. Kilichomshinda ni kujisemea studio: kazi hiyo inadai uuone mdomo wako kwenye pazia ili maneno yaingie sawasawa. Ndipo mwigizaji mwenzake Carlo Croccolo alipoanza kumsemea katika maonyesho yaliyohitaji sauti mpya, akiiga mpaka pumzi yake. Totò alipofariki Aprili 1967 alifanyiwa mazishi mara tatu: Roma, Napoli, na tena mtaani kwake Sanità, kwa kuwa watu wa mtaa hawakukubali kukosa.

Alberto Sordi alipita njia ya kinyume, sauti kwanza, uso baadaye. Chuo cha uigizaji cha Milano kilimfukuza kwa sababu ya lafudhi yake ya Roma. Mwaka 1937, akiwa kijana wa miaka 17, alishinda shindano la kumsemea Oliver Hardy, yule mnene wa Laurel na Hardy. Waitalia walikuwa wamewazoea Laurel na Hardy wakisema Kiitalia chenye lafudhi ya kigeni, kwa kuwa mwanzoni mwa sinema za sauti Wamarekani hao walisomeshwa mistari ya Kiitalia wasiyoielewa. Wasemeaji wakaibakiza lafudhi hiyo kwa makusudi, kila neno likikaziwa mahali pasipostahili. Sordi alilipwa kwa kuvunja matamshi, baada ya kufukuzwa kwa matamshi. Baadaye akawa mmoja wa waigizaji wapendwao kuliko wote nchini mwake, na alipotimiza miaka 80, mwaka 2000, Roma ilimfanya meya wa siku moja.

Ferruccio Amendola watu wengi mtaani wasingemtambua kwa sura kama walivyomtambua akifungua mdomo. Alimsemea Robert De Niro, Al Pacino, Dustin Hoffman, na Sylvester Stallone wa Rambo. Mwaka 1995 ilipotoka Heat, ambamo De Niro na Pacino wanakaa meza moja uso kwa uso, likazuka tatizo ambalo Hollywood haikuliwazia: Italia ilikuwa na sauti moja kwa watu wawili. Amendola akabaki na De Niro, na Pacino akapewa Giancarlo Giannini, mwigizaji mashuhuri kwa haki yake mwenyewe. Huko watu wakubwa hawaoni kwamba kumsemea mwingine kunawashusha.

Mfumo huu haukuanzia kwenye wema. Serikali ya Mussolini ilipiga marufuku mwaka 1930 filamu zinazosemwa lugha za kigeni, na mwaka 1933 ikaamuru kuingiza sauti kufanyike ndani ya nchi. Siasa mbaya ikaacha nyuma studio, mafundi na desturi.

Wasomaji wenu wengi ni ma-VJ au wenye vibanda, kwa hiyo ni haki waelezwe kazi yenyewe inavyokwenda, si sifa tu. Studio ya Italia hupokea vitu vitatu: picha, orodha ya maneno yote yenye saa na sekunde, na mkondo wa sauti wa kimataifa, yaani muziki na milio yote ya filamu bila maneno ya watu. Kitu hicho cha tatu ndicho roho ya kazi. Kofi, mlango, farasi na kinanda vimo, midomo imenyamaza.

Kisha huja mtu anayeandika mazungumzo upya. Hatafsiri tu. Anaangalia mdomo. Herufi m, b na p hufunga midomo, na kwenye picha ya karibu mtazamaji huona kama mdomo umefunga wakati sauti haikufunga. Mwigizaji akipiga kelele neno fupi lenye mdomo wa duara, "toka!" linakaa vizuri kuliko "ondoka hapa!" Akigeuka mgongo au akiwa mbali, mwandishi yuko huru, na hapo ndipo huweka maelezo marefu yaliyomshinda pengine. Kiswahili kina silabi nyingi; sentensi ya Kiingereza ya sekunde mbili mara nyingi itadai sekunde tatu. Mwandishi mzuri hukata kiini kibaki, hamwambii msemaji aongeze kasi. Kasi ndiyo inayofanya VJ asikike kama mtangazaji wa mpira katikati ya msiba.

Filamu hukatwa vipande vifupi, vingi havifiki dakika moja. Waitalia huviita anelli, pete, kwa sababu zamani kipande cha mkanda kiliungwa mwanzo na mwisho kikazunguka kwenye mashine mpaka msemaji apate. Msemaji husimama mbele ya kimeza chenye karatasi, sikio moja likisikia sauti ya asili. Mwongozaji wa sauti hukaa upande wa pili wa kioo, na msaidizi hutazama jambo moja tu, kuingiana kwa mdomo. Zamu moja ni ya muda wa saa tatu. Malipo yana sehemu mbili: kiasi cha kuhudhuria zamu, na kiasi kwa kila mstari, mstari ukihesabiwa kuwa herufi 50. Aliyeandika mazungumzo upya huhesabiwa mtunzi, na haki yake huweza kukusanywa na SIAE, chama cha watunzi kilichoanzishwa mwaka 1882. Mwisho wa filamu majina ya wasemeaji huandikwa.

Kwetu mambo huharibika wapi? Hayaharibikii kwenye kipaji, maana VJ anayeshika filamu nzima peke yake, akibadilisha sauti za watu saba na kuongeza utani papo hapo, anafanya kazi ambayo Italia wangeigawa kwa watu kumi. Huharibikia kwenye vyombo na mpangilio.

Tatizo la kwanza ni ule mkondo wa kimataifa: VJ hana. Ana diski au faili lenye kila kitu kimechanganywa, kwa hiyo akitaka asikike anashusha sauti yote, na akishusha yote, makofi yanazama. Filamu ya Bud Spencer isiyo na mlio wa kofi imepoteza nusu ya uchekeshaji wake, kwa sababu mlio ule ulitengenezwa studio kwa kukusudia, mkubwa kuliko ngumi yoyote ya kweli. Ngumi yenyewe haikumgusa mtu. Kamera ilikaa nyuma ya bega, anayepigwa ndiye aliyefanya kazi yote ya kuruka na kuanguka, na ndiyo maana mnawaona watu wale wale, kama Riccardo Pizzuti na Sal Borgese, wakipigwa filamu baada ya filamu: walijua kuanguka kwa sekunde inayotakiwa.

Dawa zipo, ila zina masharti. Nakala yenye mikondo sita ya sauti kwa kawaida huweka maneno kwenye mkondo wa katikati. Ukiifungua kwenye programu ya kuhariri sauti unaweza kushusha wa katikati pekee na kuacha muziki na milio pembeni. Lakini filamu za miaka ya 1970 nyingi zilitolewa kwa mkondo mmoja tu. Hata zikiandikwa "5.1", alama ya mikondo sita, kwenye kasha, mara nyingi kila kitu kimo katikati vilevile, na ukishusha unabaki na ukimya. Jaribu dakika mbili za ugomvi kabla hujaanza kazi. Ikishindikana, tumia kishushaji cha moja kwa moja kwenye miksa au kompyuta: sauti ya filamu ishuke desibeli 8 hadi 12 unaposema, isizimike, na irudi ndani ya nusu sekunde ukinyamaza. Halafu nyamaza kofi linapotua. Watazame wazee wa kazi hii: husema kabla ya ngumi na baada yake, katikati wanaiachia ngumi.

Tatizo la pili ni maiki. Ikiwa mbele kabisa ya midomo, kila p na b hupiga kama teke kwenye spika. Iwe pembeni kidogo ya mdomo, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Kwa jozi kama Spencer na Hill, usitegemee kubana koo ili upate sauti ya pili. Koo litachoka kabla ya nusu saa. Sogea karibu zaidi kwa yule mnene, sauti itapata uzito yenyewe, rudi nyuma kwa yule mwembamba. Wakiwapo wasemaji wawili ni bora zaidi, kwa sababu filamu zile zinasimama juu ya tofauti hiyo hiyo, Onorato chini na Locchi juu.

Tatizo la tatu huwavunja moyo vijana wengi kwa kuwa hawajui chanzo chake. VJ anarekodi sauti yake juu ya DVD, kisha anapata nakala safi zaidi mtandaoni, anaiweka sauti yake juu yake, na baada ya dakika kumi maneno yameachana na midomo. Si kompyuta mbovu. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini diski za mfumo wa televisheni uitwao PAL huziendesha kwa 25. Kila dakika ya filamu inapungua sekunde 2.4. Filamu ya dakika 90 inakwisha dakika tatu na nusu mapema. Basi sauti iliyorekodiwa juu ya diski ya PAL lazima irefushwe kwa asilimia 4.17 ndipo ilingane na nakala ya picha 24. Kusogeza mwanzo wake peke yake hakusaidii, itaachana tena mbele. Na kabla ya hesabu hiyo hakikisha nakala zote mbili hazikukatwa maonyesho, maana filamu hizi zilikatwa tofauti kwa nchi tofauti.

Lipo jambo la sheria pia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Zinazohusiana ya mwaka 2006 humpa mwenye kazi mamlaka juu ya tafsiri yake. VJ asiye na ruhusa hana pa kusimama mwingine anapoiiba sauti yake na kuiuza kwa flashi mtaa wa pili. Kupata ruhusa kutoka Roma ni mlima. Kupata ruhusa kutoka kwa mtengeneza filamu wa Wakaliga au Gulu ni karatasi moja yenye sahihi mbili: filamu gani, lugha gani, malipo kiasi gani, jina la msemaji litaandikwa wapi. Filamu ya Kiganda au Kiacholi ikiwekewa Kiswahili kizuri ina watazamaji Kenya, Tanzania na Kongo mashariki.

Hapo ndipo watengenezaji wetu wanapojifungia mlango wenyewe. Wakimaliza kuhariri hutoa faili moja lililochanganywa, kisha wanafuta kazi ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Miaka miwili baadaye anakuja mnunuzi anataka Kiswahili, na hakuna namna safi ya kuwatoa wasemaji bila kuondoka na mvua, pikipiki na ngoma vilivyokuwa nyuma yao. Kinachotakiwa ni kuhifadhi mikondo mitatu tangu siku ya kwanza: maneno peke yake, muziki peke yake, milio peke yake, yote yakianza sekunde moja ile ile, pamoja na orodha ya mazungumzo yenye saa. Na milio ambayo ilirekodiwa pamoja na maneno, kama hatua za mtu anayeongea huku akitembea, irekodiwe upya, la sivyo sauti mpya itatembea bila miguu. Gharama yake ni diski ya kuhifadhia na siku chache za kazi.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkimwandika mburudishaji wa Kiitalia, wekeni jina la kuzaliwa, mji, tarehe, kazi aliyoifanya kabla ya umaarufu, na nani alimsemea. Mkiweka tangazo au uhakiki wa filamu iliyotiwa sauti hapa kwetu, andikeni jina la VJ palepale penye majina ya waigizaji. Na mkirudi kwa Spencer na Hill, kama nilivyosikia mnakusudia, ile sinema yao yenye wanyama viboko ni ya mwaka 1979, ilipigwa Afrika Kusini na si Afrika Mashariki, na yule bwana anayefanya biashara ya wanyama ni bondia Joe Bugner, aliyepigana na Muhammad Ali mara mbili.

Msomaji wenu,
Arua